Santuri Isiyo na Lebo

Je, wajua kwamba santuri iliyobanduka lebo bado inaweza kutaja umri wake, na mara nyingi hata jina lake? Usikimbilie kuipiga. Pima kwanza unene. Ikikaribia milimita 6, huenda ni ya Edison, ambayo mistari yake imechongwa kwa kupanda na kushuka, si kuyumba kushoto na kulia. Sindano ya chuma ya gramafoni ya kawaida itaichubua, na muziki ulioingojea karne nzima utapotea kwa dakika chache.

Ikiwa ni nyembamba, ilaze karibu na taa, mwanga uiangukie kwa ubavu. Tazama ukanda mtupu kati ya mwisho wa muziki na mahali palipokuwa na lebo. Kiwandani waliacha humo namba na alama ndogo. Ukiona herufi VE ndani ya umbo la yai, hiyo ni Victor ya Marekani iliyorekodiwa kwa umeme: haiwezi kuwa ya kabla ya 1925. Kabla ya hapo, kwa kawaida hawakurekodi kwa maikrofoni. Bendi ilisongamana mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma kichongeo kwenye nta. Ngoma kubwa ilisumbua, basi mpigaji akagonga vibao vya mbao, na tuba ikashika besi. Sikio lililozoea hulitambua hilo mara moja katika foksitroti za wakati ule.

Kati ya alama hizo za kwenye ukanda, namba ya kurekodia ndiyo ninayoiamini kuliko kitu chochote, hata kuliko lebo, kwa kuwa lebo huweza kubeba jina la bandia. Duke Ellington alitoa santuri kwa kampuni ya Brunswick kwa jina la The Jungle Band. Kiongozi wa bendi Fletcher Henderson, kwenye lebo ya Harmony, akawa The Dixie Stompers. Mtafiti huichukua namba hiyo akaitafuta katika orodha kama ile ya Brian Rust ya mwaka 1975, inayohusu bendi za dansi za Marekani kuanzia 1917 hadi 1942.

Ila alama zikizibwa na uchafu, weka spiriti mbali. Santuri nyingi za enzi hizo zimeshikanishwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu wa India, na spiriti huuyeyusha. Tumia kitambaa laini, maji na sabuni kidogo. Ile nene ya Edison isiguswe na maji kabisa.