Je, wajua? Mla mawe wa Kilembe

Njia ya miguu inayopanda Rwenzori kutoka Kilembe, juu ya mji wa Kasese, ni ya mzunguko. Unapanda kambi baada ya kambi, Sine, Mutinda, Bugata, Hunwick's, hadi kwenye barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109. Kisha unashukia upande mwingine kupitia Kiharo, na baada ya kama wiki moja unajikuta ulipoanzia, kwenye mgodi wa shaba uliosimama mwaka 1982. Wageni wengi wanaipenda njia hii kwa ajili ya lobelia ndefu kuliko mtu na miti iliyovikwa kuvumwani. Mgodi wanaupita tu, kama kitu kilichokufa. Hapo ndipo wanapopitwa na uhondo, maana kule chini kuna mchimbaji ambaye hajaacha kazi hata siku moja.

Kwa msomaji wa Nyamityobora, Mbarara, au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kilembe si mbali. Kutoka Mbarara unapita Ishaka na Rubirizi, unavuka daraja la Katunguru, unaiacha ikweta nyuma, na Kasese hiyo. Wala mambo ya migodi si mageni kwenu. Nakivale imejaa watu waliotoka Kivu, nchi ya migodi, na hapo hapo Isingiro, huko Kikagati kando ya mto Kagera, bati lilichimbwa tangu enzi za Waingereza. Ila Kilembe ilikuwa kubwa kuliko yote ya Uganda. Reli kutoka Kampala ilifikishwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili yake, na shaba ikasafirishwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls. Hadi mgodi unasimama, zaidi ya tani milioni 16 za mawe zilikuwa zimetolewa mlimani.

Sasa fanya hesabu. Jiwe la Kilembe lilikuwa na shaba kama asilimia 2. Zilizobaki, karibu zote, ni takataka, na takataka hizo ziko wapi? Ziko bondeni, kwenye kingo za mto Nyamwamba: vilima vya mchanga wa kijivu na manjano ambavyo Wakonzo wa pale wamejenga na kulima kando yake. Wachimbaji wa Geita, Tanzania, wangeyaita mabaki ya namna hii marudio, nao wangeanza mara moja kuuliza ndani yake mna nini.

Mna pairiti. Ni madini ya chuma na salfa, yanang'aa kama dhahabu, na yamewatoa jasho la bure wengi walioyadhania kuwa dhahabu kweli. Yakiwa ndani ya mlima, mbali na hewa, yanakaa kimya kwa mamilioni ya miaka. Yavunje, yasage, yaanike kwenye hewa na mvua, na yataanza kubadilika: salfa inageuka asidi, ile ile ya betri ya gari, na chuma kinatoka na maji.

Kwa kemia peke yake kazi hii ingekwenda polepole mno. Anayeiharakisha ni bakteria mmoja, Acidithiobacillus ferrooxidans, mwenye urefu wa sehemu moja au mbili tu kati ya elfu za milimita. Hali majani wala nyama, wala hahitaji jua. Kaboni anaitoa hewani kama mmea, na nguvu anaipata kwa kukibadilisha chuma kilichoyeyuka kutoka hali moja hadi nyingine, akikinyang'anya elektroni. Chuma kilichobadilishwa hivyo kinalirudia jiwe na kulitafuna, na jiwe likitafunwa linatoa chuma kingine cha kuliwa. Mwaka 1970 Philip Singer na Werner Stumm walionyesha kwamba bakteria wa aina hii wanaweza kuiharakisha hatua hiyo hadi mara milioni moja.

Bakteria huyu alipatikana kwenye migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1947 Arthur Colmer na M. E. Hinkle walikuwa wanachunguza kwa nini maji yanayotoka kwenye migodi ya makaa ya West Virginia, Marekani, ni makali na yenye rangi ya kutu. Makaa mengi yana pairiti ndani yake, na walichokikuta majini kilikuwa hai. Ndiyo maana mtu anayetembea kwenye mabonde ya zamani ya makaa kule Wales na anayetembea Kilembe wanaweza kuona kijito cha rangi ile ile ya machungwa, ingawa kimoja kimezaliwa kwenye makaa ya mawe na kingine kwenye shaba.

Kilembe ilikuwa na zaidi ya shaba. Pairiti yake ilibeba kobalti, lakini siku zile iliyotakiwa ni shaba, kwa hiyo pairiti ilitengwa na kurundikwa Kasese, chini tambarare, mpakani mwa hifadhi ya Queen Elizabeth. Rundo likafikia kama tani milioni 1.1. Likakaa pale miaka na miaka, mvua ikilinyeshea, na asidi ikatiririka ndani ya hifadhi kuelekea Ziwa George. Ilipopita, nyasi na vichaka vilikufa, ukabaki ukanda mtupu wa udongo mwekundu ambao hata swala hawana cha kufuata. Ziwa lenyewe lina kina cha wastani wa mita mbili na nusu hivi, na tangu 1988 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Halafu ikatokea jambo ninaloliona kuwa zuri kuliko yote katika habari hii. Kampuni ya Kasese Cobalt iliwachukua waharibifu wa aina hii hii na kuwapa ajira. Kuanzia 1999 pairiti ya rundo lile ilitiwa kwenye matangi makubwa, ikapulizwa hewa, ikawekwa kwenye joto la nyuzi 42 hivi, na bakteria wala mawe wakaachwa wale. Baada ya siku chache kobalti ilikuwa imeyeyuka majini, tayari kutolewa. Asidi iliyobaki ilipozwa kwa chokaa. Rundo liliisha na kiwanda kikasimama mwaka 2013, miaka michache kabla dunia haijaanza kugombea vikali kobalti ya Kolwezi, Kongo, kwa ajili ya betri. Hapo mtu anaweza kusikitika kidogo.

Mabaki ya Kilembe kwenyewe hakuna aliyeyatia kwenye tangi. Mei 2013 Nyamwamba ulifurika na kubomoa nyumba na sehemu ya hospitali ya mgodi. Ulifurika tena 2014 na 2020. Kila mafuriko hukata kingo za vilima vile, hubeba mchanga wake hadi mashambani, na hufunua pairiti mpya ambayo haijawahi kuguswa na hewa. Kwa bakteria hiyo ni sahani iliyojazwa upya. Watafiti waliopima udongo wa bonde hilo wamekuta shaba na kobalti kupita viwango vinavyofaa kwa mashamba.

Ukienda, basi, usimwachie kiongozi wa msafara akupitishe mbio asubuhi ya kwanza. Tafuta mahali kijito kinapotoka chini ya kilima cha mabaki, uyaangalie mawe. Yakiwa na ukoko wa rangi ya machungwa, hicho ni chuma kilichokwisha kupita mikononi mwa mla mawe na kuganda kama kutu. Maji hayo usiyanywe, hata yawe maangavu namna gani. Chupa ijaze juu, ndani ya msitu, kabla mto haujafika kwenye mgodi.