Hazina ya Programu Iliyojibu kwa Barua Pepe

Mwaka 1985, Jack Dongarra wa maabara ya Argonne karibu na Chicago na Eric Grosse wa Bell Labs, New Jersey, walianzisha Netlib, hazina ya programu za hesabu iliyomhudumia yeyote mwenye barua pepe. Kabla ya hapo mtafiti aliomba tepu ya sumaku, akaisubiri kwa posta. Sasa alituma barua yenye mstari mmoja, send dgeco from linpack, yaani tuma programu ya dgeco kutoka mkusanyiko wa linpack, kompyuta ikausoma na kurudisha faili yenyewe. Hapakuwa na fomu, ada wala karani.

Hazina ilikuwa imara. Matatizo yalikuwa njiani. Aliyezijua njia hizo alipokea faili zake salama.

Jambo la kwanza lilikuwa anwani ya kurudishia. Seva ilimjua mwombaji kwa kichwa cha barua yake tu. Katika UUCP, mtandao wa kompyuta zilizopitishiana barua kwa simu, anwani ilikuwa safari nzima iliyoandikwa kituo kwa kituo, na kati ya kituo na kituo pakawekwa alama ya mshangao. Mcvax!ukc!fulani, kwa mfano, ilipitia Amsterdam, ikaenda Chuo Kikuu cha Kent, ndipo ikamfikia fulani. Barua kufika Marekani hakukuthibitisha kwamba jibu lingeweza kurudi, kwani kituo kimoja kilichoandika anwani vibaya kilitosha kulipoteza. Kwa hiyo busara ilikuwa kuanza na ombi dogo, send index. Orodha ikifika, unaomba faili.

Kisha ilihitajika subira. Vituo vingi vya UUCP vilipigiana simu usiku, gharama zikiwa nafuu, kwa hiyo jibu lingeweza kuchukua siku kadhaa. Aliyerudia ombi kila asubuhi alijikuta na nakala tatu za faili ileile, na kila kituo cha katikati kilizibeba zote. Netlib ilipopata nakala Oslo na Wollongong, Australia, wa huko walishauriwa kuomba karibu. Ushauri huo ulikuwa wa haki kabisa, maana gharama za simu zililipwa na watu ambao hawakuomba chochote.

Ukubwa nao ulisumbua. Baadhi ya vituo vilikataa au kukata barua ndefu. Ombi la dgeco lilileta pia programu ndogo zote ambazo dgeco huziita, jambo jema kwa asiye nazo. Aliyekuwa nazo tayari aliandika send only dgeco from linpack, akapata hiyo peke yake.

Adui mbaya zaidi aliharibu faili bila kuizuia. BITNET, mtandao wa vyuo ulioanza 1981, ulitegemea sana kompyuta za IBM zilizohifadhi herufi kwa mfumo wa EBCDIC, ilhali wengine walitumia ASCII. Katika kugeuza, mabano ya mraba, mabano ya mawimbi na alama ya ^ yangeweza kubadilika. Mistari iliyozidi herufi 80, upana wa kadi za zamani za kutobolewa, ilikuwa hatarini kukatwa. Programu ya Fortran, yenye mistari mifupi na herufi za kawaida, ilipita salama. Ya lugha ya C, iliyojaa mabano, ingeweza kufika ikiwa haitumiki. Faili zisizo za maandishi zilifungwa kwa uuencode, iliyogeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4. Hata hiyo ilitumia nafasi tupu kama herufi, na kuna vituo vilivyofuta nafasi za mwisho wa mstari. Mpokeaji makini alihesabu mistari kabla ya kuifungua.

Waliotunga MIME, kanuni za kuambatisha faili kwenye barua pepe, mwaka 1992 waliyazingatia majeraha hayo. Kwa Base64, njia yao ya kugeuza faili kuwa herufi, walichagua herufi ambazo ASCII na EBCDIC zote zinazo, wakaacha mabano na nafasi tupu. Picha unayoambatisha kwenye barua pepe leo kwa kawaida bado husafiri kwa herufi hizo.