Mangweni Jomvu Kuu: Mgema, Tembo na Siki

Mjukuu wangu aliye gredi ya nne alinijia jioni moja na daftari mkononi. "Babu," akaniuliza, "mwalimu ametufunza kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa huyo tembo hutiwa maji wapi, mkongani au masikioni?"

Nilicheka hata machozi yakanitoka. Sisi watu wa Mvita mnyama yule twamwita ndovu, na tembo ni kile kileo kigemwacho mnazini. Lakini vitabu vya shule vimemzoesha mtoto tembo mwenye mkonga, na mnazi ulio karibu naye ni mmoja tu, umesalia pekee nyuma ya jumba la ghorofa. Nikaanza kumweleza, na hapo ulimi ukanikwama. Mgema hukata nini hasa? Kisu chake kina umbo gani? Na kwa nini mtu asifiwe kisha atie maji? Methali hii nimeitia katika mashairi yangu mara nyingi, nimeitolea na hukumu barazani, na umri wangu umepita hamsini. Walakini sijapata kumwona mgema kazini.

Nilikuwa na haya ya pili, kubwa kuliko hiyo. Ninaye sahibu yangu, Mrabai aliyezaliwa Jomvu Kuu, mgema mwana wa mgema. Tulijuana tungali watoto, alipokuwa akija Tudor kwa mtumbwi pamoja na babake kuuza madafu na makuti. Miaka minane iliyopita alimwoza bintiye, akanialika nikae na wazee wake siku ya posa. Nilijua kuwa siku hiyo patakuwa na kadzama, yaani kibuyu cha tembo ambacho kwa Wamijikenda hupelekwa kwa wazee mtu anapoposa au anapotaka shauri. Nikaogopa kuonekana hapo. Nikatuma pesa na salamu kuwa ni mgonjwa, ilhali nilikuwa mzima, nimekaa barazani nanywa kahawa. Nilikimbia kileo nikaangukia uwongo. Yeye hakusema neno, ila tangu siku ile hakunialika tena.

Basi swali la mtoto likawa ndiyo sababu yangu. Nikampigia simu sahibu yangu, nikamwambia nataka kuona kazi yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo na maji ya asubuhi."

Ningeweza kupanda matatu, lakini nilichagua njia yake ya zamani. Mvuvi mmoja wa Tudor alinipakia mtumbwini maji yalipoanza kujaa, tukaingia ndani ya mkono wa bahari. Kulia kwetu ilikuwa Mishomoroni, kisha Junda, kushoto Mikindani. Kadiri tulivyokwenda, mikoko ilitusogelea pande zote mbili, na kelele za malori zikafifia. Mahali pengine mikoko imekatwa ikabaki visiki, na pengine wenyeji wameipanda upya, michanga, imesimama matopeni kwa safu kama watoto wa chuoni. Penye maji machache mvuvi aliweka kafi akashika upondo.

Msomaji asidhani kuwa hiki ni kichochoro cha wavuvi tu. Kabla ya reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, hapa palikuwa mlango wa kwendea bara. Pembe, sandarusi na nafaka zilishukia njia hii. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipitia maji haya alipokwenda Rabai, ambako yeye na mwenziwe Rebmann waliweka kituo mwaka 1846. Na Jomvu Kuu yenyewe ni mji wa kale wa Waislamu. Wajomvu wamo katika zile Thenashara Taifa za Mombasa. Kwa hivyo adhana na mangwe vimekuwa jirani tangu zama za mababu, na hakuna kilichomhamisha mwenziwe.

Sahibu yangu alinipokea pwani, kichwa kimekuwa cheupe. Mkononi alikuwa na kotama, kile kisu cha mgema: kifupi, kimepinda, kikali kama wembe. Tukaenda moja kwa moja hadi minazini. Akapanda mnazi kwa vidato vilivyochongwa katika shina, kwa wepesi ulionitia wivu, nami nikatazama.

Kinachogemwa ni karara, ule mfuko wa kilele unaobeba maua ya mnazi kabla haujapasuka. Mgema hulifunga kwa kamba lisifunuke, akalikunja polepole kwa siku kadhaa, kisha akalikata ncha. Utomvu hudondoka katika kibuyu, na siku hizi hata katika chupa ya plastiki. Kila asubuhi na kila jioni hana budi kupanda tena, akate kipande chembamba kama karatasi, maana asipokata jeraha hukauka na tone hukoma. Karara lililogemwa halizai nazi. Utomvu ukitoka ni mtamu kama maji ya sukari, na ukichemshwa hapo hapo huwa asali. Ukiachwa huanza kuchacha wenyewe bila kutiwa hamira. Jioni huwa tembo kali, na siku zikipita hugeuka siki.

Aliposhuka nilimwuliza lile swali la mjukuu wangu. Akafuta kotama kwa jani, akanijibu: "Shehe, sifa huleta watu. Jana walikuja kumi, leo waja thelathini. Lakini mnazi hausikii sifa, watoa kile kile. Sasa hao ishirini utawapa nini?"

Nilisimama kimya. Miaka yote nimefasiri kuwa mgema hutia maji kwa kiburi. Kumbe wanaosifu nao wana sehemu yao katika yale maji.

Mangwe yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka hapo: paa la makuti, viti vya mbao, uwa wa miti. Ilikuwa bado saa nne. Walikuwamo wazee watatu, vijana wawili wa bodaboda na mama muuzaji. Mama alionja kwanza mbele ya wateja, kisha akamimina. Mzee mmoja alinywa kwa mureje, mrija wenye kichujio cha kuzuia takataka na nyuki. Lakini kabla ya kunywa alidondosha kidogo chini kwa ajili ya koma, wahenga wake. Mzungumzo ulikuwa wa mpaka wa shamba. Nilikumbuka kitabu alichotoa mwanachuoni Mwingereza David Parkin mwaka 1972, kuhusu Wagiriama wa Kaloleni: kwamba minazi ilipouzwa wazee walikuwa ndio mashahidi, na tembo ndilo lililowaketisha pamoja. Ameeleza pia kuwa baadhi ya wafanya biashara walisilimu kwa kuambiwa na waganga kuwa wamepandwa na pepo wa Kiislamu asiyetaka tembo. Wakapata udhuru wa kutonywa, na hakuna aliyewalaumu.

Haya niliyaona nikiwa mlangoni. Mimi nimefunzwa chuoni kuwa mtu asikae penye kuzungushwa kileo, na sikwenda Jomvu kuibadili dini yangu. Nilikuwa nikitafuta neno la kusema nisimvunjie sahibu yangu heshima, lakini yeye alinishika mkono akaniongoza nje hadi chini ya mwembe. Palikuwa pametandikwa jamvi, na juu yake madafu mawili. "Hapa ndipo pako," akasema. "Hata siku ya bintiyo palikuwapo."

Akasema "bintiyo," si "binti yangu." Akanieleza kuwa siku ile ya posa waliwekewa Waislamu jamvi lao kando, na mbuzi alichinjwa na Mjomvu ili wote wale. Kumbe nililolikimbia halikuwapo. Nikamwambia kweli yote, kuwa sikuwa mgonjwa. Akanywa dafu lake mpaka mwisho, ndipo akanijibu: "Najua. Mvuvi aliyenipelekea zile pesa alikuwa amekuona barazani."

Nikamwomba radhi. Akacheka, akaniambia nile nazi ile kabla maji hayajatoka.

Wakati wa kuondoka alinitilia mtumbwini chupa moja. Nilipoitazama kwa wasiwasi, akasema, "Usihofu, shehe. Hiyo ni siki. Ina miezi. Imejigeuza yenyewe, sikutia kitu." Mtu asiyesoma chuo aliijua mas'ala hii: kwetu sisi Mashafi, kileo kikigeuka siki chenyewe, pasi na kutiwa kitu, huwa twahara.

Ile siki imetiwa achari ya maembe nyumbani kwangu. Mjukuu wangu ameila, naye sasa ajua tembo ni nini na ndovu ni nani. Ameniomba nimpeleke akamwone mgema. Nimemwahidi tutakwenda bamvua lijalo, na safari hii sitangoja kualikwa.