Kura ya Strasbourg na bomba la Chongoleani

Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya, likiwa Strasbourg, lilipitisha azimio kuhusu mradi unaoishia ndani ya Jiji la Tanga. Mtu wa Mabawa, jijini humo, ana haki ya kuuliza: hao ni nani hata watusemee?

Mradi wenyewe ni bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi rasi ya Chongoleani, ambako marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi Agosti 2017. Mafuta ya Hoima huganda kama nta, kwa hiyo bomba sharti lipashwe joto njia nzima. Wabunge waliitaka TotalEnergies, kampuni ya Ufaransa yenye asilimia 62 ya hisa za mradi, isubiri mwaka mmoja ikichunguza kama bomba linaweza kupitishwa kwingine. Walipaza sauti pia juu ya vitisho dhidi ya watetezi wa haki.

Azimio la namna hiyo halina nguvu ya sheria. Haliifungi Ufaransa, sembuse Tanzania. Hata hivyo Kampala iliwaka. Naibu Spika Thomas Tayebwa alisema huo ni ukoloni mamboleo, na Museveni akaandika mtandaoni kwamba TotalEnergies ikiwasikiliza wabunge hao, yeye atatafuta mwingine wa kufanya naye kazi. Hasira yao ilikuwa na sababu. Urusi ilikuwa imeivamia Ukraine Februari mwaka huohuo, na Mei Kansela Olaf Scholz wa Ujerumani alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal. Gesi yetu ni ya kuwaokoa, mafuta yetu ni dhambi!

Kilichouma zaidi ya azimio kilikuwa benki. Wanaharakati wa Ulaya walizitaja mtandaoni benki na kampuni za bima moja moja, wakiwaambia wateja wazibane. Benki kadhaa kubwa zikatangaza kwamba hazitakopesha. Lakini Machi 2025 awamu ya kwanza ya mkopo ilitangazwa, ikitoka Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini, tawi la KCB la Uganda na taasisi ya fedha ya Kiislamu inayokopesha sekta binafsi. Kelele zote zile zilibadili mkopeshaji, bomba likaendelea.

Huku kwetu Tanzania mtandao wa X ulifungwa Mei 2025, na wengi wanadhani hapo ndipo tulipoachwa nyuma na wanaharakati hao. Mimi sidhani kama ni hapo tu. Anachoandika mkazi wa Paris kina uzito kwa sababu ana mbunge wa kumwajibisha, ana akaunti anayoweza kuihamisha, na ana sheria ya mwaka 2017 inayozilazimisha kampuni kubwa za Ufaransa kuzuia madhara ya shughuli zao hata ng'ambo. Kesi ya kwanza dhidi ya TotalEnergies chini ya sheria hiyo ilikwama Februari 2023 kwa sababu za kiutaratibu. Juni mwaka huo ikafunguliwa nyingine, ya kudai fidia. Wadai 26 waliopitiwa na miradi ya kampuni hiyo ni Waganda, wakati kilomita 1,147 za bomba ziko Tanzania.

Kuna mlango wa karibu zaidi, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha. Mashirika manne yaliugonga Novemba 2020. Tarehe 29 Novemba 2023 kesi ilitupwa bila hoja zenyewe kusikilizwa: mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humpa mlalamikaji miezi miwili tu, na makubaliano ya serikali za Uganda na Tanzania kuhusu bomba yalitiwa saini 2017. Kwa hesabu hiyo, mvuvi wa Chongoleani alitakiwa awe ameshajua kilichoandikwa humo na kupata wakili kabla bomba lenyewe halijachimbiwa mtaro. Kuurefusha muda huo hakuhitaji ruhusa ya Strasbourg wala ya mwenye X. Wenye uwezo huo ni nchi wanachama, zikikubali kuurekebisha mkataba wao.