Makumbi Chini ya Dereva
Afumuaye kiti cha Volkswagen ya kale nyumbani kwake Lulindi, wilayani Masasi, asistaajabu akikuta ndani makumbi ya nazi yaliyoshikanishwa kwa mpira. Ni makumbi yale yale ambayo mama zetu wa Unguja na Pemba huyafukia pwani, huyaponda na kuyasokota kamba.

Basi kwa nini kila kiti kilichochakaa kingoje sponji ya dukani? Kitambaa cha zamani kifumuliwe mshono kwa mshono, kisitupwe, maana ndicho kielelezo cha kukatia kipya. Springi zilizolegea zikazwe, makumbi makavu yatandazwe, juu yake sufi.

Nanyi wakuu mnaoacha magari yaozee uani mwa ofisi, zingatieni: kujitegemea huanzia kwenye kiti tunachokalia.