Furaha Yenye Mashahidi: Imani ya Wakristo wa Kibondo na Kasulu

Katika makanisa mengi ya Kibondo na Kasulu, kabla ya mahubiri kuna muda wa ushuhuda. Mwenye neno husimama alipoketi, husema "Bwana asifiwe", watu huitika "Amina", kisha hueleza jinsi siku zilivyomwendea. Asiyezoea angetegemea kusikia ushindi mtupu. Lakini mama atasema mihogo imeoza shambani, mtoto amelazwa hospitali ya Kabanga, na baba yao hajatuma chochote tangu Pasaka. Akishayataja yote ndipo humshukuru Mungu, na kabla hajakaa mtu ameshaanzisha wimbo, kanisa zima limepokea.

Mimi naona siri ya furaha ya watu hawa imo humo. Hawainyamazii huzuni. Anayesema shida yake mbele ya wenzake amepata mashahidi, nao Jumapili ijayo watamuuliza mtoto anaendeleaje, na baadhi yao watakuwa wameshafika hospitali na chungu cha uji.

Desturi ya kusimama na kusema ilipata nguvu kutokana na Uamsho, ule mwamko wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea miaka ya 1930 na kuendelea hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa Uamsho waliungama dhambi hadharani, wakarudisha walichoiba, wakapatana na majirani waliokuwa hawasalimiani. Huku Buha, nchi ya Waha, Uanglikana uliletwa na wamisionari wa shirika la CMS kutoka Australia, na mwaka 1966 ikaundwa Dayosisi ya Western Tanganyika yenye makao yake Kasulu, askofu wake wa kwanza akiwa Musa Kahurananga. Wakatoliki walitangulia mkoani, maana Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Kwao, kazi hii ya kusikilizana hufanyika zaidi katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba. Wote hao waliwakuta Waha wakimtaja Imana, Muumba wa vyote, na kuwapa watoto majina yanayomtaja. Tumaini halikuletwa kwenye ardhi tupu.

Ukitaka kuiona furaha hiyo ikicheka, nenda kanisani siku ya shukrani ya mavuno. Maharage huja kwa madebe, mikungu ya ndizi huegemezwa ukutani, kuku wamefungwa miguu chini ya benchi la kwaya. Baada ya ibada mnada huanza, na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa ndiye dalali. Jogoo hununuliwa, mnunuzi husema "narudisha", na jogoo hunadiwa upya, pengine mara tatu au nne, hadi anayemnunua mwisho ampelekee mjane aliyeketi mlangoni. Mjane huyo naye alileta mayai mawili, na mayai yake yalipiganiwa kwa bei ambayo hakuna gengeni anayeifikia. Watu wanajua wanachokifanya: hakuna anayeondoka hapo akiwa mpokeaji tu.

Kwenye msiba sura ni nyingine, lakini watu ni wale wale. Wanawake huja na kuni, maji na unga wa muhogo. Wanaume huchimba kaburi na kukesha kwenye moto. Kwaya huimba usiku kucha ili wafiwa wasiachwe na ukimya. Nyimbo za ufufuo huimbwa huku watu wakilia. Hakuna anayemwambia mama aliyefiwa afute machozi ili kuonyesha imani.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu zipo sauti zinazouza tumaini la aina nyingine. Wapo wahubiri wanaoahidi gari na nyumba kwa anayetoa sadaka kubwa. Akikosa, huambiwa imani yake ni haba. Wapo pia watu wa kamchape, wanaodai kufichua wachawi, ambao wamevuruga vijiji vya mkoa huu na kugonganisha jirani na jirani. Makundi yote mawili humwacha mtu peke yake, la kwanza na aibu yake, la pili na hofu yake.

Imani ya watu wa nyanda hizi imepimwa na ujio wa wageni pia. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi walimiminika, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Kati ya vitu vya kwanza ambavyo wakimbizi hujipangia wenyewe ni kwaya. Kwa Warundi na Waha lugha zinakaribiana kiasi cha kuelewana bila mkalimani, na hata uhusiano ulipokuwa mgumu kwa sababu ya kuni na mashamba, kuimba pamoja hakukuhitaji kufundishwa.

Na wenyeji wenyewe ni watu wa safari. Babu zao walikwenda kukata mkonge kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Vijana wa leo huelekea Kahama, Mwanza na Dar es Salaam. Kijana mwenye ushirika huondoka na barua ya utambulisho iliyoandikwa na mchungaji na kupigwa muhuri. Akifika, barua husomwa mbele ya ibada, yeye husimama na kuwasalimu watu, na kabla ya Jumapili kwisha kuna mama wa usharika ameshamuuliza analala wapi na amekula nini.