Mbuna: neno la ziwani lililohamia Uingereza

Wasikilizaji wangu, tumezoea kuhesabu maneno ambayo Kiswahili kimeazima kwa Waingereza: shati, baiskeli, benki. Leo tuigeuze hesabu hiyo. Waingereza nao huazima, na neno ninalolisema wamelichota Ziwa Nyasa.

Neno lenyewe ni "mbuna". Liulizie London au Chicago katika duka la samaki wa mapambo. Muuzaji atakuonyesha tangi la kioo lenye visamaki vya buluu, vya njano na vya milia. Wala hatakutafsiria, kwake hicho ni Kiingereza.

Asili yake ni lugha ya Watonga wa upande wa Malawi, ambao kwao mbuna ni samaki wa kwenye mawe. Mtaalamu wa Kiingereza, Geoffrey Fryer, aliyewachunguza samaki hao Nkhata Bay, alilitumia neno hilo katika maandishi yake ya mwaka 1959. Wafugaji wa samaki nao wakalidaka.

Hivyo neno lina maana mbili. Kwa mfugaji, mbuna ni pambo la sebuleni, zuri lakini gomvi. Kwa mtaalamu, ni jamii nzima ya samaki wakaao miambani, wengi wao wakila ukoga wa mawe, na ambao majike huatamia mayai kinywani.

Je, Kyela wamo? Wamo, ila si kila mahali. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha mchanga na matope, na huko samaki wa kusifiwa ni mbasa. Ukimtaka mbuna nenda Matema, mahali Milima ya Livingstone inapotumbukia ziwani na miamba inapoanza.

Hapo ndipo penye jambo. Mbuna haachi miamba yake akavuka mchanga kwenda mbali, na kwa sababu hiyo zipo aina zinazopatikana kwenye miamba michache tu duniani. Mlima ukifyekwa, mvua ikaleta udongo, miamba hufunikwa na chakula chake hupotea. Tumekwisha kuona Ziwa Victoria jinsi furu wengi walivyotoweka baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950.

Neno likishaazimwa halipotei. Samaki akipotea, harudi. Nisingependa mjukuu wa mvuvi wa Matema aje kufundishwa maana ya mbuna kwa tangi la London.